"Sawa" Hii Inajibu Swali Gani? Kupanga Mazungumzo ya Kazi Kwenye Kundi la Simu

Chukua kituo cha kukusanyia parachichi pale Tukuyu. Mtunza ghala, mhasibu, madereva na msimamizi wote wako kwenye kundi moja la WhatsApp. Saa mbili asubuhi mtunza ghala anauliza, "Kreti 200 zipakiwe leo?" Msimamizi, akiwa njiani kuteremka shambani, anasoma na kuandika "Sawa". Mtandao umeshakatika. Pembeni ya ujumbe wake kunabaki alama ya saa, maana haujatoka. Saa tatu mhasibu anauliza, "Dereva alipwe yote leo?" Saa nne mtandao unarudi kwenye simu ya msimamizi na ile "Sawa" inaondoka. Kwa wengine wote inatua chini ya swali la malipo. Pesa inatoka, kreti zinabaki ghalani.

Hapo hakuna mzembe. Wenzako huuona ujumbe kwa mpangilio wa kufika kwake kwenye seva, yaani kompyuta kuu za WhatsApp, si kwa saa uliyouandika. Kwenye mabonde na milima yetu, ambako mtandao huja na kuondoka, jibu la neno moja ni hatari kuliko kutojibu.

Dawa yake ni kulifunga jibu kwenye swali lake. Weka kidole juu ya swali, livute kuelekea kulia. Litatokea juu ya sehemu ya kuandikia, ndipo uandike. Hata ujumbe ukichelewa kwa saa mbili, utafika na swali lake. Kisha taja kiasi: "Ndiyo, kreti 200 zipakiwe leo." Atakayesoma jioni hatahitaji kupanda juu kutafuta kilichoulizwa.

Hatua inayofuata ni kutenganisha mambo. Tangu 2022 WhatsApp ina Jumuiya: unaunganisha makundi kadhaa chini ya paa moja, pamoja na kundi la matangazo ambamo viongozi pekee ndio wanaotuma. Kwa kituo kama hiki makundi matatu yanatosha: ghala, usafiri, na la salamu, rambirambi na michango. Hili la mwisho msilidharau. Msiba wa mwenzenu haupaswi kupigiwa marufuku kwa sababu ya kazi. Upewe mahali pake, watu wapeane pole bila kufukia ratiba ya magari. Ila timu ya watu wanane ikiwa na makundi saba, kila mtu atarudi kwenye lile alilolizoea.

Telegram hukuruhusu kugawa kundi moja kwa mada; kiongozi huwasha mada kwenye mipangilio ya kundi. Ofisi za mjini Mbeya au Iringa zenye kompyuta kila meza zinaweza kutumia Slack au Microsoft Teams, programu za mazungumzo ya kazi ambako majibu hukaa chini ya hoja yake. Angalizo: Slack ya bure huonyesha ujumbe wa siku 90 zilizopita tu, hivyo makubaliano ya mwanzo wa msimu hamtayaona mwishoni. Na kama madereva wote wako WhatsApp, waacheni huko. Programu ambayo nusu ya timu haiifungui haipangi chochote.

Mpango wa siku ubandikeni juu ya kundi. WhatsApp huruhusu kubandika ujumbe hadi mitatu, kwa saa 24, siku 7 au siku 30. Ratiba ya leo ipewe saa 24 ili kesho isimpoteze mtu. Namba ikikosewa, una dakika 15 za kuihariri. Zikipita, usifute, jibu ujumbe uleule ukianza na "Marekebisho", kwa kuwa huenda mtu ameshaifanyia kazi ile namba ya kwanza. Ujumbe wa sauti hauwezi kutafutwa kwa neno baada ya wiki mbili, kwa hiyo chini yake andika kiasi, jina na siku. Tena hakikisheni ujumbe unaojifuta wenyewe umezimwa kwenye makundi ya kazi.

Kundi liwe na viongozi wawili, simu ya mmoja ikizima kazi isisimame. Anayeacha kazi aondolewe siku hiyohiyo. Lakini kumwondoa hakufuti alichokwisha kupokea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Basi orodha ya wakulima yenye namba za simu, namba za NIDA na malipo yao isipite kundini kabisa, mhasibu aipeleke moja kwa moja kwa anayeihitaji, na kundini aandike tu: "Orodha ya leo imeshafika kwa msimamizi."