Raleigh Iliyogeuka Kuwa Peugeot

"Shikamoo fundi. Nimekuletea Raleigh."

Kijana alikuwa ameinunua kwenye kontena la mitumba. Imepakwa rangi ya kijani ile ya mageti, brashi imepita mpaka juu ya nati, na kwenye bomba la chini kuna stika ya Raleigh iliyo mpya kuliko baiskeli yenyewe. Nikaitikia marahaba, nikaipandisha kwenye stendi na kuchukua kalipa, kile kipimo cha unene wa bomba. Stika yoyote hununuliwa dukani na kubandikwa jioni moja, kwa hiyo mimi huanza na vipimo.

Bomba la siti, kwa nje: milimita 28.0. Nikafuta rangi kidogo, nikapima tena. 28.0 ileile.

Mabomba ya Kiingereza hupimwa kwa inchi, na bomba la siti la fremu ya mbio ni inchi moja na moja ya nane, yaani milimita 28.6. Mfaransa alitumia 28 kamili. Tofauti hiyo jicho haliioni, lakini Raleigh iliyotengenezwa kwao Nottingham, Uingereza, ina 28 ya nini?

Nikachomoa nguzo ya siti. Imegongwa namba 26.4, unene wake kwa milimita.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mwaka 1897 kampuni ya Reynolds ya Birmingham ilipata hataza ya bomba ambalo ukuta wake ni mnene kwenye ncha, panapolehemiwa, na mwembamba katikati, pasipo na kazi kubwa. Mwaka 1935 wakatoa 531, chuma kilichochanganywa manganizi na molibdenamu, na kwa miaka mingi baada ya hapo fremu nzuri ya mbio ilikuwa karibu ni lazima iwe ya chuma hicho au cha Columbus, watengeneza mabomba wa Milan, Italia. Ukuta ukiwa mwembamba, tundu la ndani linakuwa pana, na nguzo ya siti nayo inakuwa nene. Ndiyo maana mafundi wamekariri 27.2. Ukikuta nguzo ya 27.2 kwenye fremu ya Kiingereza, hilo ni bomba la daraja la juu. Ukikuta 25.4, ni bomba la kawaida, zito.

Sasa aliyekariri 27.2 akiona 26.4 ataitupa baiskeli hii. Lakini toa mwenyewe: 28.6 kasoro 27.2 ni 1.4, na 28.0 kasoro 26.4 ni 1.6. Ukuta ni karibu uleule! Namba ya nguzo peke yake haina maana mpaka uiweke kando ya kipimo cha nje.

Shahidi wa tatu ni mabakuli ya ekseli ya pedali, yale yanayofungwa kwa thredi chini ya fremu, na hayo nayaheshimu kwa sababu yaliwahi kuniaibisha. Kwenye baiskeli ya Kiingereza bakuli la kulia lina thredi ya kinyume, hivyo unalifungua kwa kuzungusha mishale ya saa inakokwenda. Kwenye ya Kifaransa na ya Kiitalia pande zote mbili ni thredi ya kawaida. Miaka hiyo nikiwa mwanafunzi wa kazi nilikabidhiwa baiskeli ya Kifaransa, nikaamini ni ya Kiingereza, nikaweka spana na bomba la kurefushia mkono, nikaning'inia. Nilikuwa naikaza nikidhani naifungua. Bakuli likamega ukingo, na fundi wangu hakuniambia neno, alinipa tu msasa na kazi ya kusugua rimu kwa wiki nzima. Siku hizi najaribu pande zote mbili taratibu kwanza, nikiwa nimelowesha mafuta tangu jana yake.

Na hata Raleigh halisi ina mtego wake. Zile za babu zetu, nyeusi, za breki za fimbo, zina thredi 26 kwa inchi, za kwao wenyewe, wakati Waingereza wengine walitumia 24. Bakuli jipya la dukani litaingia mzunguko mmoja, likwame, na ukilazimisha umeua fremu.

Ya kijana ikafunguka kwa thredi ya kawaida, pande zote mbili. Nikakwangua rangi kwenye viungo vya kichwa, lile bomba la mbele linaloshika usukani: chini ya kijani kuna nyeupe, na viungo vyenyewe, vilivyochongwa kwa mikunjo kama ya mlango wa Zanzibar, vimepakwa nyeusi. Kwenye masikio ya nyuma, panapokaa ekseli ya gurudumu, chini ya tabaka mbili za geti, neno Simplex, watengeneza giya wa Kifaransa. Peugeot PX-10, ya Kifaransa. Baiskeli ya mbio ya Reynolds 531, ya ukoo uleule wa zile za timu ambayo Eddy Merckx, bingwa wa Ubelgiji, aliishindia mbio za Milan–San Remo mwaka 1966 na tena 1967.

Kibadilishaji cha giya cha nyuma kilikuwa Shimano, kwa mgongoni kimegongwa DH. Herufi ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976, na ya pili ni mwezi. Kwa hiyo Agosti 1979. Usikimbilie kusema baiskeli ni ya 1979, hapo umejua umri wa kifaa tu. Simplex za asili zilikuwa na sehemu za plastiki, nazo hupasuka, basi mtu fulani huko Ulaya alibadilisha.

Kabla hujatoa pesa, pitisha vidole chini ya bomba la chini, pale linapokutana na kichwa. Ukigusa uvimbe au rangi iliyokunjamana, ilishagonga. Kisha funga uzi kwenye sikio moja la nyuma, uzungushe kichwani, urudi sikio la pili, upime nafasi kati ya uzi na bomba la siti kila upande. Ikizidiana milimita mbili tatu, fremu imepinda. Kutu ya juu haiogopeshi. Ya ndani, pale chini kwenye mabakuli maji yanapotuama, ndiyo ya kumulika tochi.

Rimu zake zilikuwa za tairi za kubandika kwa gundi, ambazo hapa ni mateso. Nikasuka za 700C kwenye habu zilezile, breki zikakaa palepale. Dukani usiombe "tairi ya 28", utapewa ya baiskeli ya mizigo. Soma namba ya pembeni: 622 ndiyo 700C, 630 ni ile inchi 27 ya Waingereza, 635 ni ya mizigo.

Nilikwenda nayo alfajiri hadi Usa River na kurudi, kabla daladala hazijachangamka. Vijiti vya giya viko kwenye bomba la chini na havina alama ya kukwambia umefika. Unasogeza, unasikiliza cheni, ikinong'ona unarudisha kidogo tu, ikanyamaza. Watu husema chuma kinabembeleza mgongo. Kwangu mimi nusu ya sifa hiyo ni ya tairi pana isiyojazwa upepo hadi ikawa jiwe. Ila kwenye kona, ukiilaza, inakwenda ulikotazama, na sifa hiyo siwezi kuipa tairi.

Kijana alipokuja kuichukua nikamweleza yote, Merckx na wote. Akasikiliza kwa adabu, akafurahi, kisha akaomba stika ya Raleigh nisiitoe. Mtaani kwao, alisema, Peugeot ni gari.