Picha Safi ya Nzi Haitoshi Kumpa Jina la Spishi

Watu wengi wanaopiga picha bustanini huamini kwamba nzi yeyote mwenye nywele ngumu nyingi mwilini ni nzi kimelea wa familia ya Tachinidae (ambao mabuu yao hukua ndani ya wadudu wengine), na kwamba picha ikiwa safi inatosha kumpa jina la spishi. Imani zote mbili zina kasoro. Nzi wa nyama, mwenye mistari mitatu myeusi kifuani na tumbo lenye mabaka kama ubao wa drafti, naye ana nywele ngumu, na huchanganywa mara kwa mara na nzi hao.

Alama ya kuaminika ni kivimbe cha mviringo kilicho nyuma ya kifua, chini ya kile kigao kidogo kinachoelekea tumboni. Kwa Tachinidae kimetuna waziwazi, ilhali kwa nzi wa nyama hakijatuna hivyo. Tatizo ni kwamba hakionekani vizuri kutoka juu, na wengi wetu hupiga kutoka juu, kwa hiyo anayetaka jibu na ashuke usawa wa jani, apige ubavuni.

Hata hivyo, jibu hilo mara nyingi litaishia kwenye familia, pengine jenasi. Spishi za Tachinidae zilizokwisha kuelezwa zinazidi 8,000, na nyingi hutofautishwa kwa kuchunguza viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini. Kwa maoni yangu, picha yenye manufaa zaidi ni ya nzi aliyetokana na kiwavi aliyefugwa chupani, kwa kuwa hapo angalau mwenyeji wake, yaani mdudu aliyekulia ndani yake, anajulikana bila kubahatisha.