“Siku Moja”: Mahali Hadithi Inapoanza Kutembea

Bibi akisema “Hapo zamani za kale aliishi mtu na ng’ombe wake,” watoto bado wanagombea mkeka. Akisema “Siku moja…” wote wananyamaza. Maneno hayo mawili ndiyo mlango wa kile tunachokiita tukio chochezi: jambo linalovunja mazoea ya mhusika na kumtia njiani.

Tangu mwaka 2022, Baraza la Mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, walimu wanatafuta ngano za kufundishia. Zipo hapa hapa Uganda.

Tuchukue kisasili cha Kintu, mtu wa kwanza katika masimulizi ya Waganda. Alikuwa peke yake na ng’ombe wake mpaka Nambi, binti wa Ggulu, bwana wa mbinguni, alipomwona na kumpenda. Hilo ni tukio chochezi la kwanza. Linazaa mitihani yote ya mkwe. Lakini ndani ya kisasili hicho imo hadithi ya pili. Ggulu anawaaga maharusi na kuwaonya: nendeni, msirudi hata mkisahau kitu, Walumbe asije akawafuata. Walumbe ni kaka yake Nambi, naye ndiye Kifo. Njiani wanakumbuka kwamba wamesahau ulezi wa kuku. Wapo wanaosimulia kwamba Nambi ndiye aliyerudi, wengine husema ni Kintu. Kwangu tofauti hiyo ni nzito, maana anayerudi ndiye anayebebeshwa lawama ya kifo, na kwa karne nyingi wanawake wamebebeshwa lawama nyingi kwa njia ya ngano. Mwalimu asiipite kimya.

Tazama pia udogo wa kitu chenyewe kilichosahauliwa: konzi ya ulezi! Tukio chochezi halihitaji radi wala vita. Linahitaji mtu aliyekuwa na nafasi ya kuchagua, akachagua, na njia ya kurudi ikafungwa nyuma yake. Walumbe akishashuka, hata Kayikuuzi, nduguye aliyetumwa kumkamata, hamwezi. Anazama ardhini Ttanda, kule Mityana, ambako mashimo yanaonyeshwa hadi leo.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema hadithi ya Gipir na Labongo, ya Waacholi na Waalur wa kaskazini mwa Uganda, inachochewa na tembo. Tembo anavamia, Gipir ananyakua mkuki wa nduguye na kumchoma, tembo anakimbia nao. Hiyo ni ajali. Gipir angelipa mkuki mwingine, wakala pamoja jioni. Labongo anakataa: anautaka ule ule. Hapo ndipo hadithi inapowaka. Gipir anaufuata mkuki hadi nchi ya tembo, anarudi nao pamoja na shanga alizopewa na bibi kizee. Mtoto wa Labongo anameza ushanga mmoja, na sasa Gipir naye anautaka ule ule. Mtoto anapasuliwa tumbo. Ndugu wanazika shoka Wang Lei, karibu na Pakwach, na kuachana, Mto Nile ukiwa kati yao.

Darasani, simamisha masimulizi pale Labongo anapokataa mkuki mwingine. Usiendelee. Mpe kila mwanafunzi nafasi ya kumjibu Labongo kabla Gipir hajafunga safari.