Safari za gizani: kinachozibeba si kile tunachodhani

Unapanda kigari au mashua, unaingizwa ndani ya jengo lenye giza, unapitishwa mbele ya sanamu zinazojongea, taa, moshi na muziki, kisha unatolewa upande wa pili ukiwa umefumba macho kwa mwanga wa jua. Huo ndio mchezo wa bustani za burudani tutakaouita hapa safari ya gizani. Si wa jana. Mwaka 1901, kwenye maonyesho makubwa ya Buffalo nchini Marekani, Frederic Thompson aliwapandisha watu chombo cha kubuni kilichojidai kuwapeleka mwezini, na watu wakalipa kwa furaha. Tangu hapo zimejengwa safari nyingi. Chache hupandwa hadi leo na wajukuu wa waliozipanda mwanzo. Nyingine zilifungwa kabla rangi haijapauka. Maelezo yanayotolewa kuhusu tofauti hiyo huwa yaleyale, na mengi hayasimami.

Dhana: Ukishapata kisa kizuri, kilichobaki ni kukisimulia mwanzo hadi mwisho

Hili ndilo kosa mama. Filamu ina dakika tisini na mtazamaji aliyetulia. Safari ya gizani ina dakika tatu, tano, ikizidi sana kumi na tano, na abiria wake anatazama kushoto wakati jambo muhimu linatokea kulia. Sauti ya chumba hiki inaingiliana na ya chumba kijacho. Mtoto kiti cha mbele analia. Mazungumzo marefu hayasikiki, na hata yakisikika, kigari kimeshasogea.

Tazama ile ya filamu ya *The Little Mermaid* iliyofunguliwa California mwaka 2011. Nyimbo ni nzuri, na sanamu ya Ursula, mchawi mwovu wa baharini, ni kubwa na inajinyonganyonga kama pweza wa kweli. Halafu, pale ambapo kisa kilipaswa kupanda kileleni, kushindwa kwa Ursula kunapita kwa mbali kama jambo la pembeni, na mara umefika harusini. Anayeijua filamu anaziba pengo hilo kichwani mwake bila kujijua. Asiyeijua anabaki kujiuliza yule mama mnene amekwenda wapi.

Sasa linganisha na *Pirates of the Caribbean* ya Disneyland, bustani ya burudani huko California, iliyofunguliwa Machi 1967. Kisa chake ni kipi? Kwa kweli, hakuna. Mashua inaporomoka gizani, inapita kwenye mapango yenye mifupa ya watu juu ya hazina, kisha ghafla meli inaishambulia ngome, mji unaporwa, mji unaungua. Huambiwi nahodha ni nani wala anataka nini. Inasimuliwa kwamba Walt Disney, mwanzilishi wa bustani hiyo, aliyefariki miezi michache kabla ya ufunguzi, aliufananisha mchezo huo na hafla yenye watu wengi: unapita ukidaka kipande cha maneno hapa na kingine pale, na kesho unarudi kudaka vingine. Filamu zilizojengwa juu yake zilianza mwaka 2003, yaani miaka 36 baadaye.

Mle ndani kuna wafungwa nyuma ya nondo wakimbembeleza mbwa aliyeng'ata funguo mdomoni. Nani anataka nini, na kinachomzuia ni kipi? Unaelewa kwa sekunde mbili, hata kama masikio yako yameziba. Mimi hukitumia kipimo hicho kila ninapotaka kujua kama tukio la safari ya gizani limejengwa vizuri, na ni ajabu jinsi matukio mengi ya gharama kubwa yanavyoanguka mtihani huo mdogo.

Dhana: Abiria lazima awe shujaa

Wabunifu wa mwaka 1955 waliliamini hili kiasi kwamba, katika safari ya *Snow White* pale Disneyland, Snow White mwenyewe, msichana wa hadithi hiyo, hakuwekwa. Hoja yao ilikuwa kwamba wewe abiria ndiye Snow White, na yanayotokea yanakutokea wewe. Abiria hawakuelewa. Walitoka wakiuliza msichana yuko wapi. Safari ya Peter Pan ilikuwa na tatizo hilohilo. Wahusika hao waliongezwa katika ukarabati wa mwaka 1983, baada ya miaka 28.

Anachohitaji abiria ni kujua yuko pale kama nani, basi. Mpita njia anatosha. Mgeni anatosha. Ndani ya *Haunted Mansion*, safari nyingine ya Disneyland, wewe ni mgeni tu wa nyumba ya mizimu, hadi mwishoni unapotazama kioo na kuona mzimu umekaa nawe kigarini, ukitaka kukufuata nyumbani. Hapo nafasi yako ya ugeni imelipwa. Kinachochosha ni safari zinazokupigia kelele kuwa wewe ndiye tumaini la mwisho la ulimwengu, wakati mikono yako iko juu ya magoti na hakuna unachoweza kufanya.

Dhana: Mtambo mpya zaidi ndio unaoshinda

Mizimu inayocheza dansi kwenye ukumbi wa *Haunted Mansion*, iliyofunguliwa mwaka 1969, inatokana na mbinu ya kioo na mwanga iliyoonyeshwa London na John Henry Pepper mwaka 1862. Zaidi ya karne moja ya uzee, na bado watu hukaza macho wakitafuta inavyofanyika.

Kigari chake pia kina somo. Vigari vya nyumba hiyo vimeunganishwa mnyororo mmoja usiokatika, na kila kimoja hugeuzwa kwa wakati wake kuelekea mahali mbunifu anapotaka utazame. Mgongo wake mrefu unakuzibia usione kigari cha jirani. Kwa hiyo kigari ndicho kamera. Giza nalo, ambalo wengi hudhani kazi yake ni kutisha, kwanza kabisa ni la kuficha: linafuta kuta, linafuta dari, linafuta mlango wa dharura, hadi chumba cha hatua kumi kionekane bonde.

Sisemi mitambo mipya haina maana. Mwaka 2000, Tokyo Disneyland ilifungua *Pooh's Hunny Hunt*, safari ya dubu Pooh wa hadithi za watoto, yenye vigari visivyo na reli. Ilipendwa kwa sababu uhuru ule ulipewa kazi ya kufanya: rafiki yake Tigger anaporuka, nawe unarukaruka; katika ndoto ya Pooh, vigari vinazungukana kama watu waliopotelewa na akili. Mwaka mmoja kabla, safari ya *Spider-Man* kule Orlando iliweka kigari kinachozunguka na kutikisika mbele ya skrini za picha zenye kina, na picha zenyewe zikapindwa kwa hesabu zifuate macho ya abiria anaposogea. Mahali skrini inapoishia na ukuta wa kweli unapoanza ni vigumu kupaona. Waigaji wengi waliofuata walichukua skrini na kuuacha ule ukuta, na abiria akajikuta yuko sinema yenye kiti kibovu.

Kisha kuna jambo ambalo halisemwi siku ya ufunguzi: matunzo. Kadiri mitambo inavyorundikana ndivyo inavyokuwa na sehemu nyingi za kukwama, na sanamu iliyoganda mkono ukiwa hewani inamrudisha abiria duniani papo hapo. Afadhali mlango mmoja unaofunguka kila siku kuliko joka linalofanya kazi Jumanne tu.

Dhana: Safari ndefu ni bora kuliko fupi

Ile ya Peter Pan haifiki dakika tatu, na foleni yake imekuwa ndefu tangu 1955. Jahazi linaning'inia kwenye reli ya juu, na chini yako London inawaka taa usiku. Hakuna anayeshika saa.

Dhana: Foleni ni kusubiri tu

Ni ukurasa wa kwanza. Wanaopanda *Harry Potter and the Forbidden Journey*, ya mwaka 2010, hupita ndani ya ngome, kwenye picha za ukutani zinazoongea, kabla ya kuona kiti. Ila tahadhari: kisa kikiwa kimefichwa chote kwenye video ya foleni, wanaopita njia ya haraka wanaingia bila kujua lolote.

Dhana: Majina makubwa hujaza viti

Mystic Manor ya Hong Kong Disneyland, mwaka 2013, haikuwa na filamu nyuma yake. Nyani anafungua kisanduku cha muziki alichokatazwa; kila kitu ndani ya jumba la makumbusho kinapata uhai; nyani anakifunga. Mtoto anaweza kukusimulia yote akiwa bado anashuka. Muziki wa Danny Elfman unabeba kila chumba kuingia kinachofuata, na ndio maana hata chumba dhaifu hakihisiwi kuwa dhaifu.

Kwa upande mwingine kuna *Superstar Limo*, iliyofunguliwa Februari 2001 huko Disney California Adventure. Ilijaa sanamu za nyota wa filamu na televisheni, na abiria naye akapewa unyota. Lakini nyota wale walisimama tu kando ya njia wakitupa vichekesho. Hakuna aliyetaka kitu, hakuna aliyezuiwa. Ilifungwa Januari 2002, haijatimiza mwaka. Takriban miaka minne baadaye jengo lilelile lilifunguliwa tena, sasa likiwa na wahusika wa filamu ya *Monsters, Inc.* wakihangaika kumrudisha mtoto mdogo chumbani kwake kabla hawajakamatwa. Vigari vilipita reli ileile, kona zilezile.