iPhone ya ndani ya Chrome si iPhone

"Nimeshapima kwenye iPhone, iko sawa." Nikauliza, iPhone gani? "Ile ya kwenye Chrome. Unabonyeza F12, unachagua simu." Wiki hii nimelisikia jibu hilo mara tatu, kwa watu watatu tofauti.

Dhana yenyewe ni kwamba ukichagua jina la simu kwenye zana za wasanidi, unauona ukurasa kama simu hiyo itakavyouonyesha. Huuoni. Dirisha limebanwa lifikie upana wa simu, kipanya kinajifanya kidole, na kivinjari kinaidanganya seva kwamba chenyewe ni Safari. Injini inayochora ukurasa bado ni Blink, wakati ya iPhone ni WebKit. Ni ndugu, maana Google waliichomoa Blink kutoka WebKit mwaka 2013, lakini tangu hapo kila moja imeshika njia yake. Chrome imevaa kanzu tu, haijawa shehe.

Matokeo yake yako wazi. Umekipa kisanduku urefu wa `100vh`, yaani urefu wote wa skrini, na kitufe cha kulipia kiko chini kabisa. Kwenye kompyuta kinaonekana vizuri. Kwenye iPhone, Safari inapiga hesabu ya urefu huo kana kwamba upau wa anwani umeshajikunja, kwa hiyo ukurasa ukifunguka tu kitufe kinajificha nyuma ya upau. Upau wa namna hiyo, unaotokea na kutoweka, haumo kwenye maigizo ya Chrome. Tumia `100dvh`, inayofuata urefu unaoonekana wakati huo; Safari inaielewa tangu toleo la 15.4 la mwaka 2022. Au umeweka maandishi ya pikseli 14 kwenye sehemu ya kujaza jina: mtu akigusa pale, iPhone inaukuza ukurasa mzima, naye anabaki anausukuma huku na huku kutafuta alipokuwa. Weka 16, yaishe. Kibodi inayomeza nusu ya skrini nayo huioni mpaka ushike simu mkononi.

Hapo ndipo ninapoambiwa: "Lakini mteja anatumia Chrome kwenye iPhone, kwa hiyo Safari haihusiki." Inahusika sana. Kwa miaka mingi Apple wamevilazimisha vivinjari vyote vya iPhone vitumie WebKit, na mlango wa injini nyingine ulipofunguliwa na iOS 17.4 (mfumo wa iPhone), Machi 2024, ulifunguliwa kwa Umoja wa Ulaya. Chrome ya mteja wako, kwa ndani, ni WebKit.

Ushauri wangu, na sichoki kuurudia: tafuta iPhone moja, hata yenye ufa kwenye kioo. Washa kikaguzi cha wavuti (Web Inspector) kwenye mipangilio ya kina (Advanced) ya Safari, ichomeke kwa kebo kwenye Mac, na utakagua ukurasa halisi kwenye simu halisi. Kama huna Mac, Playwright, programu ya kupimia tovuti, inaendesha WebKit kwenye Windows na Linux. Si Safari kamili, wala kibodi ya simu hutaiona, ila makosa mengi ya CSS, yaani maagizo ya mwonekano wa ukurasa, utayakamata kabla mteja hajakupigia.

Mengine nayapitia haraka.

Agizo la seva la `no-cache` haliizuii kivinjari kuhifadhi faili. Linakiambia kihifadhi, lakini kiiulize seva kabla ya kutumia. Ukitaka kisihifadhi kabisa, andika `no-store`. Majina mabovu, najua, lakini sikuyachagua mimi. Na kile kisanduku cha kuzima akiba (Disable cache) kwenye kichupo cha mtandao (Network) cha zana za wasanidi kinafanya kazi zana zikiwa wazi tu. Ukizifunga, akiba inarudi.

"Kamera inafanya kazi kwangu, simu ndiyo mbovu." Simu ni nzima. Kamera na mahali ulipo vinadai HTTPS, na `localhost`, yaani kompyuta yako yenyewe, imesamehewa. Ukifungua mradi huohuo kwenye simu kwa anwani ya kompyuta yako kwenye mtandao wa ndani, `http://192.168` na namba zinazofuata, msamaha huo haupo.

Kukitambua kivinjari kwa kusoma jina linalotumwa kwa seva? Jina la Chrome lina Mozilla, AppleWebKit, KHTML, Gecko na Safari, yote kwa mkupuo mmoja. Uliza kama uwezo wa CSS unaoutaka upo, kwa `@supports`, na uachane na majina.

La mwisho ni wanaodhani hali ya kuiga vivinjari vya kale (quirks mode) ilikufa na Internet Explorer. Ipo hadi leo, ndani ya Chrome, Firefox na Safari. Sahau `<!DOCTYPE html>` mwanzoni mwa ukurasa, au acha onyo la PHP, lugha ya upande wa seva, lichapishwe juu yake, na umeshaingia: jedwali linaacha kurithi ukubwa wa maandishi, nawe unashinda siku nzima unailaumu CSS. Andika `document.compatMode` kwenye konsoli. Ikijibu `BackCompat`, tatizo liko kwenye mstari wa kwanza.