Kipimo cha Thairoidi Mgonjwa Akiwa Hoi: Umri na Jinsia Vibadilishavyo Majibu

Bibi wa miaka 76 yuko wodini siku ya tatu kwa nimonia. Karatasi ya maabara ya homoni za tezi ya thairoidi inasema T3 iko chini, T4 ya kawaida, na TSH, homoni inayoiamuru tezi kufanya kazi, ni 0.3, wakati kiwango cha kawaida ni takriban 0.4 hadi 4.0. Ndugu wanaanza kuulizia dawa za tezi. Mara nyingi tezi yenyewe ni nzima.

Tezi ya thairoidi, hii iliyo mbele ya koo, hutoa zaidi T4, ambayo ni akiba tu. Ini, figo na misuli ndivyo huigeuza kuwa T3 inayofanya kazi. Ugonjwa mkali, upasuaji au siku kadhaa bila kula vikimwandama mtu, mwili hubana matumizi: T4 nyingi hugeuzwa kuwa T3 ya kinyume, isiyo na nguvu, na homoni ya kotisoli huizuia pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kutoa TSH. Akianza kupata nafuu, TSH huruka juu, pengine ikakaribia 20, kisha hutulia yenyewe. Ukimpima siku hiyo utampa ugonjwa asio nao. Kama hana dalili za wazi za tezi, mpimeni tena angalau wiki 6 baada ya kupona.

Uzee huongeza utata. TSH hupanda taratibu kadiri miaka inavyosogea. Kwa aliyepita 80, TSH ya 6 na T4 ya kawaida huenda ni umri tu. Akipewa vidonge asivyovihitaji, moyo waweza kudunda ovyo na mifupa kudhoofika. Kwa upande mwingine, tezi inayozidisha homoni kwa mzee huenda isilete jasho wala kutetemeka: anakonda tu, ananyong'onyea, mapigo yanaparaganyika.

Wanawake huugua tezi mara kadhaa zaidi ya wanaume, hasa kwa sababu kinga ya mwili huigeukia tezi. Estrojeni, ya ujauzito au ya vidonge vya uzazi wa mpango, huongeza protini inayobeba T4 damuni, hivyo T4 ya jumla huonekana juu bila ugonjwa. Ombeni T4 huru, ile isiyobebwa na protini. Aliyejifungua ndani ya mwaka mmoja akilalamikia uchovu na moyo kwenda mbio, msimwambie ni kukesha na mtoto kabla hajapimwa.

Anayetumia levothairoksini, yaani T4 ya vidonge, ameze kwa maji, tumbo tupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai ya asubuhi. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu vikae mbali kwa saa 4. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo huanzishiwa dozi ndogo, mikrogramu 12.5 hadi 25 kwa siku. TSH hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8, kwani T4 huchukua kama siku 7 kupungua nusu damuni.

Na mtajieni daktari kila dawa, prednisoloni (dawa ya jamii ya steroidi) na amiodaroni (dawa ya mapigo ya moyo) zikiwemo. Hata vidonge vya kukuza nywele: bayotini, vitamini iliyomo, huvuruga baadhi ya mashine za maabara, TSH ikasomeka chini na T4 juu kwa mtu asiye na ugonjwa wowote wa tezi. Viacheni siku 2 kabla ya kutolewa damu.