Kupanda huchosha, kushuka ndiko huvunja miguu

Watu wakisikia nimejiandikisha marathoni yenye milima, huniuliza swali moja: utapandaje, na umri huo? Nina miaka 63. Kazi yangu ni fiziotherapia, na wengi ninaowahudumia ni wakimbiaji wa ridhaa waliovuka hamsini. Wanaonijia siku mbili baada ya mbio, wakishika ukuta ili washuke ngazi, karibu wote waliumia kwenye miteremko, na wengi wao hawajui. Wao huulaumu mlima.

Chukua msuli mkubwa wa mbele ya paja. Unapopanda, hujikunja na kukusukuma juu. Unapoteremka, kila mguu ukitua, msuli huo hujikaza huku ukivutwa urefuke, maana ndio breki inayozuia goti lisikunjike chini ya uzito wako. Kukazwa na kuvutwa kwa wakati mmoja ndiko kunakochana nyuzi ndogondogo za ndani. Maumivu hayaji palepale. Hufika kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye. Hapo ndipo mteremko unapohadaa. Pumzi inarudi, moyo unatulia, saa inaonyesha kasi ya kupendeza, nawe unajiona unapumzika, kumbe paja linaumia kuliko lilivyoumia mlimani. Utakuja kulijua hilo kilomita kumi na tano mbele, pengine mahali palipo tambarare kabisa.

Njia ya marathoni ya Boston, kule Marekani, ni ushahidi mzuri. Inajulikana kwa kilima kiitwacho Heartbreak Hill, karibu na kilomita ya 33, na kilima chenyewe hupanda mita 27 hivi tu. Ungekipanda kabla hujachoka, wala usingekikumbuka. Kinaogopwa kwa sababu ya yaliyotangulia: mbio huanza kwa kuteremka, na kutoka mwanzo hadi mwisho njia hushuka takriban mita 140. Wanaoachia miguu kilomita za mwanzo hufika pale mapaja yamekwisha.

Kwetu sisi wenye umri jambo hili ni zito zaidi. Misuli hupungua kadiri miaka inavyosonga, hasa zile nyuzi za nguvu za ghafla, na kwa bahati mbaya hizo ndizo zinazoumia zaidi tukijizuia kwenye mteremko. Kupona nako huchukua siku nyingi kuliko zamani. Lakini msuli una tabia moja ninayoipenda sana: ukishaumizwa kidogo na mteremko, hujijenga upya, na mteremko unaofuata hauuumizi kiasi kile. Kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Hiyo ndiyo zawadi ambayo wakimbiaji wengi wanaiacha, kwa sababu kwenye mazoezi hukimbia wakipanda kisha hurudi chini kwa kutembea.

Mimi huanza wiki nane kabla ya mbio. Natafuta mteremko mpole wa mita mia tatu au nne, nashuka nao mara nne kwa kasi ya kawaida, basi. Kesho yake mapaja yatauma kidogo, na nayaacha yapone kabisa. Umri huu haufai kuumiza juu ya maumivu. Baada ya siku kumi narudia, safari hii mara sita. Zoezi kubwa la mwisho la kushuka liwe wiki mbili hadi tatu kabla ya siku yenyewe, lisikaribie zaidi ya hapo. Nyumbani, simama juu ya kidaraja cha ngazi kwa mguu mmoja, shusha mguu wa pili polepole ukihesabu hadi nne mpaka kisigino kiguse chini. Zoezi hilo linafanana na kazi ya mteremko kuliko mashine yoyote ninayoijua.

Namna ya kushuka ina uzito sawa na mazoezi. Hatua ziwe fupi na za haraka, mguu utue karibu na chini ya kiwiliwili chako. Anayeogopa huegemea nyuma na kutupa kisigino mbele, na hapo kila hatua inakuwa breki nzima. Angalia mita kumi mbele, usitazame viatu.

Kuhusu kupanda nina machache. Sahau kasi ya saa, fuata pumzi: kama huwezi kusema sentensi fupi, umezidisha. Mwinuko ukiwa mkali sana, tembea kwa hatua thabiti. Utapoteza sekunde chache na kuokoa nguvu nyingi. Tafadhali usijifunge kwenye ile hesabu ya kukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika, 220 kutoa umri. Kwangu inatoa mapigo 157, ilhali hesabu nyingine inayotumika sana, 208 kutoa asilimia 70 ya umri, inatoa 164, na bado watu wa rika moja hutofautiana kwa mapigo kumi na zaidi.

Kuna jambo linalonisumbua kwa dhati. Wengi wa rika letu humeza dawa za kutuliza maumivu asubuhi ya mbio, na baadhi yao wanatumia pia dawa za shinikizo la damu. Dawa za jamii ya ibuprofeni, mwili ukiwa umepungukiwa maji kwa saa nne au tano, zinaweza kudhuru figo. Zungumza na daktari wako mapema, na umwombe aupime moyo wakati huohuo.

Mbio zikiisha, usijaribu miteremko kwa wiki tatu. Tembea mahali tambarare siku ya kwanza na ya pili, hata dakika kumi na tano tu. Siku utakayoshuka ngazi bila kushika ukuta, ongeza wiki moja nzima ndipo uanze tena kukimbia, kwa upole.